Tumbili na Mikwaju Yangu ya Kwenye Kopo

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba tumbili ananusa dawa kabla hajala. Nani aliniambia? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe nikajisadiki, maana nilikuwa na kidato cha nne na nilishinda nyumbani kutwa.

Nilikuwa na mikwaju mitatu kwenye makopo ya maziwa, mifupi kama mkono wa mtoto, nimeipinda kwa waya wa breki za baiskeli. Bonsai, miti ya kufugwa midogo ionekane mizee. Nilijifunza kwenye gazeti la Kijapani lililokuja ndani ya mitumba. Niliangalia picha tu, maandishi sikuambulia hata neno moja. Mwaka wa nne, mashina yakaanza kuzeeka vizuri.

Kiangazi kile Bariadi nzima ilikauka, kijani pekee mtaani kikawa kwangu. Tumbili jike akaja kutoka mtoni, mwanawe amemng'ang'ania tumboni. Akautafuna mkwaju wa kwanza wote. Nikazungusha miiba kama boma la ng'ombe. Akaruka, akala wa pili.

Jirani yangu, mama mjane mkulima wa pamba, alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, si uilaze kitandani!"

"Inataka jua, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Na yeye anataka kula."

Wafanyabiashara binafsi walikuwa wameshaingia kwenye pamba, na dawa ya wadudu hatukuisubiri tena kutoka ushirika. Dukani ulipimiwa kwenye chupa ya soda, bila maelezo yoyote. Asubuhi nikaupulizia mkwaju wa mwisho mpaka ukachuruzika. Atanusa, ataondoka. Nikaingia ndani kunywa chai.

Hakunusa. Nilimkuta amelala ubavu kando ya kopo, mapovu mdomoni, bado anarusharusha miguu. Mwanawe alikuwa ananyonya. Nilimsukuma kwa ufagio. Akalia kisauti chembamba, akarudi palepale kwenye ziwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikainama kukagua mkwaju. Lilikuwa limeliwa tawi moja tu. Nikafurahi.

Kabla chai haijapoa, na yule mdogo alikuwa amekufa, sumu imempitia kwenye maziwa.

Jirani alikuwa amesikia kile kilio, akaja. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia. Aliwatazama wale wawili, akautazama mti, akaupima kwa kiganja chake.

"Mti hata kuku hawezi kupata kivuli chake, na kwa huo umemuua mzazi ananyonyesha. Usinisalimie tena."