Mashine Niliyoisugua kwa Majivu

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nikiuficha dada yangu Neema atausema: niliisugua mashine ya kufulia ya baba kwa majivu na stilwaya. Nje, pande zote, na juu. Nilikuwa darasa la sita hapa Kasulu, kiangazi cha mwaka 2012, wakati vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno na ukipiga chafya unakaribia kutoa tofali. Mashine ilikaa barazani karibu na bomba, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi. Baba, mwalimu wa chuo, aliinunua kwa mwenzake aliyehamishwa, na mtaa mzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Jumamosi hiyo wenzake walikuwa waje kula kwetu. Asubuhi akaniambia, "Nikirudi nataka iwe nyeupe pe. Nikikuta doa, nitakuua." Baba hakuwa mtu wa utani. Mgongo wangu ulikuwa na kumbukumbu nyingi kuliko daftari langu la historia.

Neema alinipa kitambaa na sabuni: "Futa polepole, we nyani." Kitambaa kikageuza vumbi kuwa uji mwekundu. Sasa, kwetu sufuria huanikwa kichanjani wageni wazione, na yenye masizi ni aibu ya mama. Bingwa wa kuzisugua nilikuwa mimi: majivu ya jikoni, mchanga kidogo, stilwaya, mpaka unajiona meno. Nikawaza, kama nyeusi inang'aa hivi, nyeupe itakuwaje? Nikasugua mpaka mabega yakawaka moto. Ilipokauka, weupe ulikuwa umegeuka kijivu, mikwaruzo kila mahali kana kwamba kuku wameichakura, na maandishi ya vitufe yamekwenda na maji.

"Yooo!" Neema akasema. "Andika wosia. Baiskeli niachie mimi."

"Sina baiskeli."

"Basi kufa tu, huna cha kuacha."

Baba alifika kabla ya wageni. Alipitisha kidole kwenye mikwaruzo, kisha akachomoa mpira wa maji wa mashine. Pigo la kwanza lilinichana sikio. Nikaangukia ndoo, akanikanyaga mkono uleule uliosugua. "Umeichuna! Kama mbuzi! Kama mbuzi!" Kila neno na pigo lake. Jino likang'oka, mdomo ukajaa chumvi, na kwa mara ya kwanza maishani sikupata kichekesho cha kusema. Nikajua kweli ananiua.

Mama akatoka jikoni na mchi wa kinu, akasimama juu yangu. "Piga tena, Baba Neema," akasema taratibu. Baba akainua mpira. Mchi ukashuka, si kwake, ila kwenye mlango wa kioo wa mashine, vipande vikaruka hadi uani. Getini watu wakabisha hodi. Baba akadondosha mpira, akafuta jasho, akaenda kusema, "Karibuni, karibuni sana."

Leo niko kidato cha tatu, na ndani ya mashine ile kuku anatagia. Baba hajamgusa mtu tangu siku hiyo, na kinu anakizunguka kwa mbali. Shuleni nikisimulia, wenzangu wanashika mbavu. Kipande cha mwisho huwa nakiruka. Mama alinipeleka nyuma ya jiko, akaweka beseni chini, akasema:

"Vua shati, mwanangu. Damu inatoka kwa maji ya baridi. Nguo zangu nimezifua hivyo tangu baba yako aliponioa."