Mujomba Élie Juu, Fromaji Chini

Ukipanda kile kilima kilicho nyuma ya soko la Masisi, utasikia harufu ya mujomba wangu Élie mbele ya kumuona. Ni harufu ya maziwa, chumvi na mbao zilizolowana. Yeye njo anayetengeneza fromaji, zile jibini za duara zinazoshuka Goma kila juma, zile ambazo mama za soko wanazipanga kama matofali. Tangu nikiwa mudogo ninaenda kumusumbua na maswali. Kwa nini maziwa yanaganda? Kwa nini unazifunga kitambaa? Kwa nini unazigeuza? Hajawahi kuchoka kunijibu. Ananijibu huku mikono ikiendelea na kazi, kwani ile mikono yake haijui kukaa bure.

"Fromaji changa iko kama mutoto wa kuzaliwa," ananiambia. "Ukimulaza upande moja tu, kichwa kinakuwa bapa."

Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni saa kumi na moja, iwe Noeli ao Pasaka, anaingia mule ndani, anageuza fromaji changa moja moja na kuzipaka maji ya chumvi, hata kama Thierry, kijana wake wa kazi, iko pale. Mama yangu anasema hata siku ya ndoa yake Mujomba alitoka kwenye karamu na kravati shingoni, akarudi kucheza na bibi-arusi akiwa ananuka.

Mutoto wa Mujomba ni moja tu, Kétsia, na iko na myaka tisa. Mama yake, Mama Joséphine-Marie, ni mwalimu. Mwaka huu alipata kazi Kibua, kule Walikale, ndani ya pori, fasi hakuna ng'ombe wala fromaji. Wazazi walipatana kwamba Kétsia amufuate asome kule, na Mujomba abaki na kazi yake Masisi. Angesafiri siku ya Jumatatu na kamio, lile lori la Mama Kavugho, mufanyabiashara wa Butembo mwenye duka Walikale. Mujomba akamuuliza binti yake anataka zawadi gani mbele ya kuondoka.

Kétsia hakutaka viatu. Hakutaka mufuko wa masomo.

"Nataka siku moja ya Papa," akasema. "Nzima. Bila fromaji. Tuende parki, tupande ile gurudumu."

Ile parki ya michezo iko kando ya ziwa, ukipita Sake kidogo. Sisi wa Masisi tunaijua kwa picha za simu: twiga wa simenti, bembea, na gurudumu kubwa lenye viti vya rangi, linalopandisha watu juu kuliko paa zote. Linazunguka Jumamosi na Jumapili tu, na Jumapili ilikuwa ya misa na kufunga mizigo. Kwa hiyo ilikuwa ile Jumamosi ao basi. Mimi, Gaëlle, niliitwa ili nimushike Kétsia mukono. Hivyo njo Mujomba alisema. Nafikiri alijua tu kwamba nikibaki ningekufa na hamu.

Asubuhi Mujomba akatokea na kitunga mugongoni, kimefunikwa kitambaa cheupe. Kétsia akasimama pale pale.

"Papa, iko nini mule?"

Mujomba akaangalia viatu vyake.

"Papa!"

"Iko sita tu. Zile za juzi. Thierry njo alipaswa kuzigeuza, lakini jana jioni walimuita kwa kilio kule Ngungu. Ningefanya nini, mwanangu? Nizitupe?"

"Mujomba, unaenda kupumzika, konje, na fromaji?" Sikuweza kujizuia.

"Zinakaa kimya. Hata hamutazisikia."

Kétsia alipanda pikipiki, akatazama mbele kama sanamu ya kanisa.

Manzi, motari wetu wa pikipiki, alimuweka Kétsia mbele juu ya tanki. Yeye mwenyewe akafuata, halafu Mujomba, halafu miye, na kitunga kikafungwa kamba nyuma yangu kabisa. "Batu bane na fromaji sita," akasema Manzi. "Tuko parokia nzima." Basi tukashuka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na barabara iling'aa kama muntu ameipaka sabuni. Tuliteleza kushoto, tukateleza kulia, na kwenye kona moja gurudumu la nyuma likataka kutangulia la mbele. Hatukuanguka. Kamba njo iliyokatika.

Kitunga kililala kando, kitambaa kikafunguka, na fromaji moja ikatoka, ikasimama kwa ubavu wake, ikaanza kushuka mulima. Mwanzo polepole, kama muntu anayewaza. Halafu mbio. Ilipita nyasi, ikamurusha mbuzi moja hewani kwa woga, ikaingia shamba la maharage. Mujomba alikuwa nyuma yake akipiga kelele, "Mushike! Mushike!" kama anafukuza mwizi. Kule chini mama moja alikuwa anapalilia na wenzake. Aliinua kichwa, akaona kitu kinakuja, akatupa jembe, akatandaza kitenge chake kwa mikono miwili, na fromaji ikaingia mule pwaa!

"Papa," akamuambia Mujomba aliyefika akihema, sisi nyuma yake, "umemutafutia bwana muzee nini, mbona huyu binti yako wa maziwa anakimbia hivi?"

Shamba lote likacheka. Kétsia pia alifunika mudomo. Niliona. Lakini Mujomba alipoanza kuifuta ile fromaji na kuchunguza ubavu uliobonyea, akiizungusha karibu na macho, uso wa Kétsia ukafunga tena.

"Ingekuwa ni mi nimeanguka," akaniambia kwa sauti ndogo, "angeniangalia vile?"

Nikarudi barabarani kufunga ile kamba upya.

Hatukwenda mbali. Mbele kidogo mnyororo wa pikipiki ulikatika, na Manzi akakaa chini kuugonga na jiwe. Aligonga, akaomba Mungu, akagonga tena. Jua likapita katikati ya mbingu. Watu waliokuwa wanapita walituambia pole, pole sana, na kila muntu alikuwa na shauri lake kuhusu ule mnyororo. Kétsia alikaa juu ya jiwe lake peke yake. Kila pikipiki ilipopita alihesabu viti kwa macho, akaona imejaa.

Mwishowe tulisikia honi tunayoijua. Ilikuwa kamio ya Mama Kavugho inatoka Walikale, imejaa ndizi na bidoni za mafuta ya mawese, na Mama Kavugho mwenyewe mbele karibu na shofere wake Nzanzu, rozari shingoni.

"Élie!" akapaza sauti. "Mi nilisema nitamuchukua mutoto Jumatatu. Leo munanifuatia nini barabarani?"

Mujomba akaeleza. Mama Kavugho akaangalia kitunga, akamuangalia Kétsia, akarudisha macho kwa kitunga.

"Panda," akasema. "Na hiyo mikate yako ya kunuka, weka mbali na ndizi zangu."

Manzi alibaki na mnyororo wake, akitupungia jiwe. Sisi tukapanda juu ya ndizi. Mi nilifurahi sana kule juu, siwezi kusema uongo: milima yote ya Masisi ilikuwa inatuzunguka, kijani juu ya kijani. Lakini kamio ilitembea kama muzee mwenye goti baya. Halafu tukakuta kundi la ng'ombe limejaza barabara, na Mujomba akaanza kuwasalimia toka juu. "Eh, Mayani! Hujambo mama! Maziwa yako ya wiki iliyopita, safi kabisa!"

"Papa," akasema Kétsia, "hata ng'ombe?"

Mujomba akashusha mukono aliokuwa anawapungia.

Tulifika parki jua likiwa limeshaanza kushuka kuelekea milima. Mbele ya mulango tairi ya kamio ikapasuka paa! na Mama Kavugho akafanya alama ya musalaba. "Angalau imechagua fasi nzuri," akasema, na Nzanzu akaanza kutafuta jeki.

Mulinzi wa mulango akainua mukono.

"Hatuingize chakula hapa." Akanusa. "Ni chakula ao ni muntu alikufa?"

"Ni fromaji changa, kaka," Mujomba akasema.

"Ibaki inje. Na muharakishe, hii njo mara ya mwisho gurudumu inazunguka leo."

Mujomba alishika kitunga kwa mikono miwili. Alinitazama, akatazama saa ya simu yake, na nilijua anachowaza: saa kumi na moja imekaribia. Kétsia alikuwa tayari ameshafika karibu na gurudumu. Hakuwa anamuita baba yake. Alikuwa anangoja tu kuona.

"Mi nitabaki nazo, Mujomba," nikasema. "Mi naogopa kule juu." Hiyo ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine nilitamani sana kupanda.

Akaniachia kitunga polepole, kama muntu anayekabidhi mutoto, halafu akakimbia. Mujomba wangu, na tumbo lake, akakimbia! Alikaa kwenye kiti chekundu karibu na Kétsia, na gurudumu likaanza kupanda. Mbele yao, kwenye kiti cha manjano, kulikuwa na wachumba wawili. Hakuna muntu mwingine. Kiti chekundu kikapanda, kikapanda, kikafika juu kabisa.

Hapo grupu, ile masini inayotoa umeme, ikakohoa mara tatu na kuzimika.

"Mazutu imekwisha!" akalia kijana wa masini. Akachukua bidoni na kukimbia upande wa Sake.

Watu wakakusanyika chini. Mi nilimuona Mujomba anainama, anatafuta kitu chini. Alikuwa ananitafuta mi.

"Gaëlle! Saa imefika!"

"Nasikia, Mujomba!"

"Nawa mikono kwanza! Chupa ya maji ya chumvi iko pembeni!"

Mulinzi yule yule aliyetukataza njo aliyeniletea beseni na maji. Nilitoa fromaji ya kwanza, parki nzima ikinitazama, na sauti ikashuka toka mbinguni: "Taratibu! Vidole chini, si juu! Usiibane!" Watu walicheka mpaka wengine wakashika magoti. "Mama mudogo," mulinzi akaniambia, "hii iko fromaji ao iko batizo?" Nikageuza ya kwanza. Nikageuza ya pili. "Paka na pembeni pia!" Nikapaka na pembeni. Nilikuwa nimemuangalia akifanya hivyo maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuzigusa, na nilishangaa zilivyo laini, baridi na hai kidogo, kama shavu.

Ya ine, ndiyo ile iliyobonyea, niliigeuza bila kusikia amri yoyote. Ya tano pia. Nikainua kichwa.

Mujomba hakuwa ananitazama tena. Alikuwa amenipa mugongo. Kétsia alikuwa ananyoosha kidole, ziwa, halafu milima, halafu mbali zaidi upande wa Walikale, na yeye alifuata kile kidole na kichwa chake chote. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imetulia. Sikuwahi kuona mikono ya mujomba wangu imetulia. Baadaye Kétsia aliegemea bega lake, na mukono moja ukaondoka pale gotini ukamuzunguka.

Karibu yangu Nzanzu alikuwa amemaliza tairi. "Mama," akamuambia Mama Kavugho, "sisi tuko na mazutu ndani ya kamio. Nitoe kidogo tuwashushe?"

Mama Kavugho aliangalia juu, muda murefu, akichezea rozari yake. Jumatatu njo yeye angemuchukua yule mutoto.

"Nzanzu," akasema, "unaharakia wapi? Kwanza tafuta bomba."

"Bomba iko hapa, Mama."

"Itafute vizuri."

Nzanzu akaelewa. Alirudisha bomba chini ya kiti, akaanza kuitafuta. Wale wachumba wawili kwenye kiti cha manjano hawakulalamika hata kidogo.

Jua lilikuwa limeshagusa milima wakati bomba ilipopatikana. Grupu ikakohoa, ikawaka, na kiti chekundu kikashuka. Mujomba aliteremka na kumubeba Kétsia mugongoni, pale kitunga kilipokuwa asubuhi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni upepo wa juu. Nilimuuliza Kétsia waliongea nini kule, nikamuuliza siku nzima iliyofuata, na mpaka leo hajaniambia.

"Lakini Papa hakuuliza fromaji," akasema. "Toka ile ya tatu, hakuuliza tena."

Tulilala kwa watu wa ukoo wa Mama Kavugho kule Sake, na Jumapili tulirudi na pikipiki mbili, tukakosa misa. Nyanya alitugombeza. Kétsia aliondoka Jumatatu juu ya shehena ya chumvi na sabuni, na ile fromaji yenye ubavu uliobonyea kwenye mapaja yake. Aliichagua mwenyewe.

Mi nawashukuru wote wa siku ile: Manzi na jiwe lake, yule mama wa kitenge ambaye hatukujua hata jina lake, mulinzi na beseni lake, na zaidi Mama Kavugho, ambaye sasa anamupakia Mujomba kila mwezi mpaka Kibua. Ndiyo, Mujomba anasafiri! Thierry anageuza asubuhi, mi ninageuza jioni nikitoka masomo, na darasani wenzangu wameanza kukaa mbali kidogo nami.

Jumamosi iliyopita simu ililia nikiwa na mikono ndani ya maji ya chumvi. Mtandao wa Kibua ulikuwa unakatika-katika.

"Gaëlle," sauti ya Mujomba ikasema, "zile za mbao ya chini, uli—"

Nikasikia vurugu, kicheko, halafu sauti ingine karibu na simu.

"Dada Gaëlle," akasema Kétsia, "usimujibu." Na akakata.