Mama wa Sauti ya Nne

Nyumbani kwa Stephano, pale Lituhi, baba anaimba juu na mama anaimba chini, na watoto wamekua hivyo hivyo bila kudhurika. Asiyewajua akipita uani na kusikia mtu ananguruma, "Nani kaacha mlango wazi, kuku wako kwenye unga?", atadhani mwenye nyumba amerudi kutoka ziwani. Kumbe mwenye nyumba ndiye yule anayejibu kwa kisauti cha filimbi, "Siyo mimi, Mama Aurelia."

Mama Aurelia ndiye Walburga. Ile sauti hakuipata kwa ugonjwa. Alizaliwa nayo kule Namswea, milimani kwenye kahawa, na alipokuwa akilia uchangani majirani waliuliza nani kafungia ndama ndani. Siku za kuchimba ngoro, yale mashimo ya kulimia kwenye miteremko, mama yake alimsimamisha ukingoni alfajiri aite watu, na ng'ambo ya bonde waliamka wakashika majembe, hata wale ambao hawakualikwa.

Huko sauti ilikuwa na kazi. Ilikokosa kazi ni shuleni. Mwalimu wa kwaya alimpanga mstari wa nyuma akamwambia, "Wewe tingisha mdomo tu. Sauti usitoe." Walburga akatingisha mdomo mpaka akamaliza darasa la saba. Siku moja alikuja mkaguzi, akamsifu yule msichana mrefu wa nyuma jinsi anavyoimba kwa hisia. Ndiyo sifa pekee aliyopata shuleni, na ilikuwa ya wimbo ambao hakuuimba.

Stephano, mvuvi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, alimwoa akamteremsha ziwani. Jumapili ya kwanza alijibu "Amina", na wanaume wa mbele wote wakageuka kumtafuta mgeni ni nani. Mwalimu wa kwaya wa wakati huo, marehemu Mzee Erasmo, hakuuliza mengi. Alimshika mkono akampeleka kwa wanaume wa sauti ya nne, ile ya chini kabisa, akasema, "Simama hapa, mwanangu." Akasimama hapo. Wanaume wa sauti ya nne wamekufa, wamehama, wengine wamelewa na kuacha kwaya, yeye yupo.

Na msidhani sauti ile haijamfaa nje ya kanisa. Walburga anakausha usipa na kuwauzia wafanyabiashara. Abdulmalik, mwenye duka Mbinga mjini, aliagiza mzigo kwake kwa simu msimu mzima. "Shikamoo, mzee," anaanza. "Marahaba," anaitika Walburga, kwa nini amkatishe mtu adabu yake? Wala hakumpunja, ila mzee haombwi kupunguza bei hovyo kama mama. Siku Abdulmalik aliposhuka mwenyewe na ndevu zake zenye mvi, akauliza yuko wapi Mzee Walbu, akaonyeshwa mwanamke anayegeuza usipa kwenye kichanja, alikaa chini juu ya gunia. "Mama, umekula shikamoo zangu zote hizi?" "Nazirudisha basi," akasema Walburga, "ila na usipa uliokula uurudishe."

Aliyelipa gharama ya sauti ile ni Stephano. Vijana wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wakimkuta anashona nyavu, humwuliza, "Baba Aurelia, mumeo hajambo?" Halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Stephano hajawahi kuwajibu. Anavuta uzi, anakata kwa meno, anaendelea. Walburga huyasikia maneno hayo akiwa kwenye kichanja chake, na ndiyo maneno pekee duniani yanayomkosesha jibu, kwa kuwa hayakuelekezwa kwake.

Mwaka huu kigango kikapata mwalimu mpya wa kwaya, Protasi, kijana aliyesoma muziki, anayeandika nota kwa penseli kama mtu mwingine anavyoandika barua. Akatunga wimbo wa tamasha la Noeli. Wimbo unaanza na sauti ya nne peke yake, neno moja tu, "Amkeni," wachungaji wanaamshwa. Walburga aliposikia sehemu yake alitabasamu. Kazi hiyo aliifanya tangu hajaota meno ya ukubwani.

Wakafanya mazoezi kila jioni. Mvua za Desemba zikipiga bati la kanisa, sauti zote zinazama, inabaki moja inapita chini ya mvua kama gari la mzigo, na wengine wanaifuata. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku ya kujaribu sare.

"Mama Aurelia," Protasi akasema, "wewe sare yako ni kitenge."

"Ndiyo, mwalimu. Nimeshashona."

"Sauti ya nne wanavaa suruali nyeusi na shati jeupe."

"Nimewaona. Ya Augustino imembana."

Watu wakacheka, Augustino naye akavuta shati lifunike kitambi. Protasi hakucheka. "Kwaya za Mbinga mjini zinakuja na kinanda chao na simu za kurekodi. Wakiona mama katikati ya wanaume, watatucheka kabla hatujafungua mdomo. Nakuhamishia sauti ya pili, kwa kina mama wenzako. Na huko imba chini chini, usiwafunike."

Chini chini. Walburga aliwahi kumjibu afisa wa halmashauri mpaka afisa akaomba maji ya kunywa, lakini hapo alisema "Haya" tu. Alichukua mkoba wake akaenda kusimama kando ya Devotha wa sauti ya pili, shoga yake, macho yakiwa sakafuni. Alikuwa tena msichana mrefu wa nyuma.

Nyumbani alimwambia Stephano, huku wakigeuza usipa, "Kesho nakwenda mazoezini mara ya mwisho. Wakinipa tena mdomo wa kutingisha, kitenge nakirudisha. Kwaya nimemaliza."

Stephano akainamia kichanja.

"Sema basi. Au umefurahi? Vijana wa mwaloni sasa watakuacha."

"Upande huu haujakauka," akasema Stephano, akaugeuza.

Walburga akamwachia kichanja chote akaingia kulala.

Kesho yake Protasi alianza kwa kuipitisha sauti ya pili peke yake, na Walburga akajaribu kuipanda. Alikuwa kama mtu anayepita mlango mfupi na gunia kichwani.

"Dada, unanisukuma," Devotha akanong'ona.

"Sijakugusa."

"Kwa sauti, unanisukuma."

Akapunguza. Akapunguza tena. Mwishowe mdomo ulikuwa unakwenda na hakuna kinachotoka, na Protasi akamtazama akaitikia kwa kichwa, ameridhika: hivyo hivyo, mama. Kule nyuma Augustino na wenzake waliimba "Amkeni", kila mmoja akiamsha wachungaji wake. Protasi akawarudisha mwanzo. Walburga akainama, akaanza kukikunja kile kitenge ndani ya mkoba.

Ndipo Stephano alipotoka kwenye sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, mahali pake pa siku zote. Akavuka katikati ya kanisa taratibu, akaenda kusimama kwenye sauti ya kwanza, kati ya wasichana wawili, mikono nyuma.

"Mzee Stephano, unakwenda wapi?"

"Nimefika, mwalimu. Sauti ya kwanza."

"Hapo ni wanawake."

"Naona. Lakini sauti yangu huku inafika, mwenyewe unajua. Kama tunapangwa kwa sauti, niache. Kama tunapangwa kwa nguo, nishoneeni kitenge, sina kinyongo." Wasichana wakajibana mbavu. Stephano aliendelea na kisauti chake kile kile, bila kukipandisha. "Hao wageni unaowaogopa, mimi wenzao nimeishi nao mwaloni. Tangu Aurelia hajazaliwa wananiuliza mume wangu hajambo. Sikuwajibu. Leo nawajibu hapa kanisani: hajambo. Ila hapo ulipomweka, mwalimu, hapumui."

Mtu mmoja akashindwa kuzuia kicheko. Wakafuata wote, na Protasi mwenyewe akajifunika uso kwa karatasi za nota, mabega yanatikisika. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa kijana mwenye hofu. Alipofunua uso alikuwa amebadilika kidogo.

"Mama Aurelia, rudi."

Walburga hakusogea. "Narudi kuimba au kutingisha mdomo?"

"Kuimba."

"Kwa sauti ipi?"

"Hiyo uliyonayo."

"Na kitenge changu hiki?"

"Hicho hicho."

"Nijifiche nyuma ya Augustino?"

"Hapana," Protasi akasema. "Katikati. Kama ni kuonekana, na tuonekane."

Akakikunjua kitenge, akarudi. Alipompita mumewe alimwambia polepole, yaani watu wote walisikia, "Na wewe toka hapo kwa mabinti za watu."

Siku ya tamasha kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kwaya za mjini ziliimba na kinanda, vizuri sana, asiyekubali ana wivu. Kisha Lituhi wakapanda. Suruali nyeusi, mashati meupe, na katikati yao kitenge chekundu na kijani, mwenye nacho amesimama kama aliyeitwa kuja kusuluhisha kesi. Vijana wageni wakagongana viwiko, simu zikainuka. Mmoja akacheka wazi.

Protasi akainua mkono.

"Amkeni," akasema Walburga, maana ile haikuwa kuimba tu, ilikuwa kuwaambia watu. Neno likashuka, likapita chini ya mabenchi, likatoka nje. Wenzake wa sauti ya nne wakalishika kila mmoja pale pale lilipo. Yule kijana kicheko kikamkatikia mdomoni. Dirishani Abdulmalik, aliyekuja kuchukua mzigo wake, akamwambia mwenye pikipiki azime injini. "Huyo ni mzee wangu," akasema, "tulia usikie."

Hapo sauti ya tatu ilipaswa kuingia. Haikuingia. Wote walimtegemea Stephano aanze, na Stephano alikuwa amesimama mdomo wazi, uso unang'aa, anamsikiliza mkewe kama mtu aliyelipa kiingilio. Protasi akamkodolea macho, mwenyewe hata hakuona.

Walburga alimwona. Alivuta pumzi kwa pembe ya mdomo, akalirefusha lile neno, akalishikilia pale chini bila kutetereka, mpaka Stephano akashtuka akaingia.