Mama Vyungu na Ua Alilopewa na Wifi

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, na Mama Vyungu amepiga magoti bafuni. Ameshika chungu cha begonia kichwa chini, udongo ameufunga kwa mfuko wa plastiki usimwagike, na bomba amelifungulia lote. Maji yanapiga majani upande wa chini. Analigeuza jani moja moja na kulipitishia kidole gumba, taratibu, kama anayemwosha mtoto nyuma ya masikio.

"Hawakai juu ukawaona," anasema bila kugeuka. "Wanakaa chini ya jani. Wana akili kuliko mimi."

Anaowasema ni utitiri mwekundu, vidudu vinavyotanda utando kama wa buibui na kufyonza utomvu wa majani mpaka ua linapauka, linakunjamana na kufa. Kwa macho huvioni. Kwa hiyo anafuta mikono, anachukua karatasi nyeupe, anaiweka chini ya chungu kingine na kuligonga jani mara mbili kwa kidole. Vumbi kidogo linaanguka. Mwandishi wa makala haya, aliyesimama mlangoni, anasema mbona ni vumbi tu.

"Subiri."

Vumbi linaanza kutembea. Mama Vyungu anaikunja karatasi, anaitia kwenye mfuko na kuufunga fundo. Halafu anakaa juu ya karai lililogeuzwa, maji yakimchuruzika viwikoni.

Ana umri wa miaka arobaini na saba, na kazi yake ni kukodisha maua ya ndani. Anayakuza nyumbani, anayapeleka maofisini, saluni na kwenye mapokezi ya watu, anayahudumia huko huko. Yakichoka anayarudisha kwake yapumzike na kupeleka mengine. Mwaka jana alikuwa na vyungu arobaini na viwili na wateja saba, na kodi ya nyumba ilitoka humo. Leo amebakiwa na vyungu sita vyenye uhai nyumbani, kimoja zahanati, na mteja mmoja.

Mteja huyo ni zahanati ya wazazi iliyo mitaa miwili kutoka kwake. Muuguzi mkuu alimwita wiki iliyopita, akamwonyesha utando kwenye waridi la mapokezi. "Dada, akina mama wanalala hapa na vichanga. Jumatatu nikiona tena buibui, mkataba basi."

"Nikamwambia si buibui," anasema Mama Vyungu. "Halafu nikajiona mjinga. Mtu anakufukuza kazi, wewe unamsahihisha jina la mdudu!"

Hilo jina lake mwenyewe lina kisa. Wanawake wengi wa umri wake huitwa mama wa fulani. Yeye na mumewe, dereva wa lori la mchanga, hawakujaliwa mtoto. Miaka mitano iliyopita, matanga ya mama mkwe yakiwa hayajaanuliwa, dada mkubwa wa mumewe alisimama mbele ya ukoo mzima akasema kaka yake ameoa mfuga majani. "Wenzake ni mama wa watu, yeye ni mama wa vyungu!" Watu wakacheka. Kwenye matanga, ndiyo, wakacheka.

"Nilirudi nyumbani nikalia mpaka nikachoka. Kulipokucha nikachukua rangi, nikaandika getini: Mama Vyungu, Maua ya Kukodi. Nikasema, jina umenipa, basi nitalila na ugali."

Akalila kweli. Huko zahanati mzazi mmoja alipomuuliza, "Dada, wewe wako wangapi?" alimjibu bila kupepesa jicho, "Arobaini na wawili, na wote wananyonya." Wodi nzima ilicheka, na mara hii alicheka nao.

Na wifi? Hawakuamkiana miaka minne. Wakikutana njiani, mmoja alijifanya anatafuta kitu mkobani.

Hapa msomaji anapaswa kulijua benchi. Liko barazani, la mbao, limepauka kwa jua. Kila ua jipya linaloingia katika nyumba hii hukaa hapo kwanza wiki tatu, mbali na mengine. Linapigwa maji, linagongwa kwenye karatasi nyeupe, linapewa kitambaa chake peke yake. Likiwa safi ndipo linaingia. Haijalishi limetoka kwa nani. Sheria hiyo Mama Vyungu ameivunja mara moja tu tangu aanze kazi.

Wifi alipiga hodi Jumapili moja baada ya mvua za mwisho. Alikuwa amejifunga kitenge kipya na kifuani amekumbatia chungu chenye begonia nyekundu. Hakungoja kukaribishwa. Alipita moja kwa moja sebuleni, akasogeza vyungu viwili dirishani, akaliweka la kwake katikati.

"Wifi yangu," akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mimi nilikukosea. Nimekuletea mtoto."

Mama Vyungu anaposimulia hapa anaangalia pembeni. "Sasa niambie wewe. Mtu miaka minne hakupi hata salamu, leo kaja na machozi, kakuletea mtoto. Unalibeba unalipeleka nje, kwenye benchi? Unamwambia subiri nimpime mtoto wako kwanza? Angesema roho yangu bado ina kinyongo. Nikanyamaza. Nikampikia chai."

Mwezi haukwisha majani ya maua ya pembeni yakaanza kutoka vidoa vidogo vya manjano, kama yamechomwachomwa kwa sindano. Alijua ni nini siku ile ile. Alipoligonga ua la wifi kwenye karatasi, karatasi ilijaa. Sebule yake ni kavu na ina joto, feni inazunguka mchana kutwa, na utitiri hupenda hewa kavu kuliko kitu chochote. Wakati huo alikuwa ameshapeleka vyungu saluni, kwa wakili na kwa fundi cherehani. Wateja wakaanza kupiga simu.

Dawa yake anaijua: kuosha chini ya majani kwa maji ya nguvu, kupaka maji ya sabuni laini, kukata yaliyooza kwa utando, kuweka trei za kokoto na maji chini ya vyungu ili hewa ipate unyevu. Halafu kurudia baada ya siku chache, na kurudia tena, kwa sababu mayai hayafi kwa sabuni. Alifanya yote hayo, na kila mara utitiri ulirudi.

Mumewe alijaribu kusaidia. Siku moja alinunua dawa ya mbu, akapuliza sebule nzima. "Mbu walikufa," anasema mzee huyo kwa aibu. "Utitiri sidhani hata kama ulikohoa."

Ulirudi kwa nini? Kwa sababu ua la wifi lilikuwa bado lipo. Mama Vyungu alilihamishia barazani, lakini wifi sasa huja kila Jumapili kumwona "mwanangu". Basi Jumamosi jioni linaingizwa dirishani, linafutwa, linapangwa katikati ya wenzake. Wifi akishaondoka linatolewa tena. Jumatatu Mama Vyungu anaanza kuosha upya. Msomaji, usicheke. Nani kati yetu hajawahi kuficha zawadi kabatini na kuitoa mgeni akikaribia?

"Nilimwambia mwambie dada yangu ukweli," anasema mume. "Nikamwambia, mficha uchi hazai." Anainamisha kichwa. "Neno likanitoka. Ningelimeza kama lingemezeka."

Siku hiyo mkewe alilala na kanga usoni.

Jumapili mwandishi yupo sebuleni. Dirishani kuna vyungu saba: sita vya Mama Vyungu vilivyooshwa jana, na katikati ua la wifi, limekonda, lina maua matatu. Hodi inapigwa.

"Wifi, hujambo? Mwanangu je, hajambo?" Mwanamke mnene, mcheshi, anaenda dirishani kabla hajaketi.

Mama Vyungu bado amesimama mlangoni. Mikono ameikunja tumboni.

"Wifi," anasema. "Mtoto wako ameniulia wangu."

Kisha maneno yanamtoka mfululizo: utitiri, karatasi, saluni, wakili, vyungu thelathini na tano vilivyokufa, Jumatatu ya kesho. Wifi anasikiliza mdomo wazi.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, wifi? Ulisema umeniletea mtoto!"

"Jamani!" Wifi anaketi kwenye mkono wa kiti. "Lile ua sikulinunua, wifi. Nililikuta nje ya duka wanalitupa. Limejaa utando, mimi nikadhani vumbi. Nikalifuta. Nikasema, hili ni la wifi yangu, yeye atalifufua. Kama yeye atashindwa, nani ataweza?"

Mama Vyungu anamtazama. Anaanza kucheka, kicheko kinakatika katikati, na anajifuta macho kwa kiganja. "Walikuwa wanalitupa," anarudia. "Nimelilinda miezi saba."

Analeta mfuko mweusi. Wifi anaushika mdomo wa mfuko ukae wazi, yeye anaingiza chungu na ua lake, maua matatu yakiwamo, anafunga mafundo mawili. Mumewe anautoa nje. Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

"Ningeweza kuyasema haya wiki ya kwanza," anasema baadaye, wifi akiwa jikoni anaosha vikombe. "Ndicho kinachoniuma. Asingekasirika. Unaona alivyo? Asingekasirika hata kidogo."

Jumatatu anavaa gauni safi, anachukua waridi na begonia zilizo bora kuliko zote, anaenda zahanati kabla ya wagonjwa kujaa. Amebeba pia karatasi nyeupe, amuonyeshe muuguzi mkuu kwamba hakuna kinachotembea.

Karatasi haikuhitajika. Mapokezi yamejaa maua ya plastiki, mekundu, yanang'aa, mengine bado yana nailoni yake.

"Dada, mwenye zahanati aliyaleta Ijumaa," anasema muuguzi mkuu, na sauti yake si mbaya. "Haya hayaumwi."

"Kweli," anajibu Mama Vyungu. "Na hayafi. Hongereni."

Waridi lake la wiki iliyopita analikuta uani, kando ya tangi, limeachwa juani bila maji. Analiinua na kuligeuza majani. Yamekauka yote. Anamwaga udongo, anabaki na chungu, anakitia mkobani.

Nyumbani vyungu thelathini na sita vitupu vimepangwa ukutani, vimeoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Mumewe anataka viuzwe. Yeye hataki. Kutoka kwenye begonia iliyo safi kabisa amekata tawi moja, amelitia kwenye glasi ya maji, na glasi ameiweka kwenye benchi la barazani, ingawa tawi ni la nyumba hii hii.

Wifi ameahidi kumletea ua jingine, na mara hii atalinunua. "Alete," anasema Mama Vyungu. "Yeye atapita ndani, atakunywa chai. Ua litakaa hapo nje, nitamwambia usoni. Nimeshajifunza kusema, ingawa nimejifunza kwa bei mbaya."

Anakusudia kuanza upya na mteja yeyote atakayemkubali, hata mwenye dirisha moja. Anaiinua glasi, anatazama chini ya tawi dhidi ya mwanga. Mizizi bado.

"Na mtu akiniuliza wako wangapi, nitamwambia sita, na kichanga mmoja," anasema. "Yuko nje. Bado sijamruhusu kuingia."