Amri Haramu Maktabani

Ofisini wanamwita Najenga, kwa sababu ukimwita aje kula hujibu "Najenga" bila kugeuka. Nyumba hajawahi kujenga hata moja. Anajenga programu, na mteja pekee anayemtetemesha ni shangazi yake.

Shangazi amepungukiwa macho, si ulimi. Kila siku huketi kwenye kompyuta kuukuu ya maktaba ya mtaa, akisomewa riwaya na programu ya Najenga. Riwaya ilikuwa imefika pale bwana harusi anaporuka dirishani na viatu mkononi, ndipo Najenga akaweka toleo jipya la programu, lenye kasi zaidi.

Shangazi akabonyeza. Programu ikafa papo hapo, na ile sauti inayosoma ujumbe wa mashine ikatangaza kwa wasomaji wote: "Amri haramu!"

"Haramu?" Shangazi akaruka. "Mimi nimeomba sura ya mwisho tu!"

"Kumbe unasoma vitabu vya namna hiyo, mama?" mzee mmoja aliyekuwa akisoma magazeti akamchokoza.

"Wewe soma matangazo yako ya vifo, niache na harusi yangu!"

Msimamizi wa maktaba alicheka mpaka miwani ikamtoka, lakini akatoa onyo: mashine isipopona leo, kesho inakwenda stoo. Na riwaya ilikuwa humo tu.

Najenga akaja mbio, kadi ya kazi ikimpiga shingoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani kakufundisha kumtukana mkubwa wako kwa spika?"

Tafsiri ya Kiswahili ya ule ujumbe ilikuwa ya Najenga mwenyewe. Maana yake ni kwamba prosesa, ubongo wa kompyuta, imepewa amri isiyoijua. Najenga akaguna, kisha akaanza kucheka peke yake. Kabla ya programu kujengwa, hatua ya usanidi, yaani ya maandalizi, huiuliza prosesa ya kompyuta inayojengewa: hizi amri mpya za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, unaziweza? Iliyokuwepo ni ya ofisini, changa, yenye majivuno. Ikajibu naziweza. Hii ya maktaba haikuulizwa na mtu. Najenga akamweleza Shangazi hayo yote.

"Kwa hiyo mwenzake kaitikia kwa niaba yake?" Shangazi akauliza.

"Ndiyo hivyo."

"Kama baba yako alivyonikubalia mchumba."

Najenga alijenga upya huku machozi ya kicheko yakimtoka. Safari hii programu itauliza yenyewe kila inapofunguliwa, palepale ilipo. Mashine isiyoziweza amri mpya itapewa za zamani, iende mwendo wake.

Shangazi akabonyeza. Mzee wa magazeti akashusha gazeti. Kisha sauti ikaanza, polepole: bwana harusi alikuwa ameruka kumfuata bibi harusi, aliyetangulia kuruka.

Maktaba nzima ikapiga makofi.

"Na ule ujumbe nitaubadilisha," Najenga akanong'ona. "Nitaandika 'amri isiyojulikana'."

"Thubutu! Niachie haramu yangu," Shangazi akasema. "Sasa nyamaza, maharusi wamefika kwenye ukuta wa ua."