Bega Langu na Mdomo wa Seif

Shoga zangu, leo nimekwenda hospitali ya Matrah, hapa Omani, nikidhani ntapasuliwa bega, nimerudi mzima!

Mnajua nilianguka ngazini mwaka jana, mwaka wa sitini na nne, tulipofika tu kutoka Unguja. Tangu hapo mkono haunyanyuki.

Daktari kasema nichague: nipasuliwe au niendelee na mazoezi.

Mume wangu, Seif, akadakia: "Mpasue tu. Mazoezi hayajamsaidia kitu."

Hasira zikanipanda. "We Seif, kwani bega lako?" Nikamnyooshea kidole usoni.



Wote wawili wananitazama. Nami nikautazama mkono. Ule ule mbovu, uko juu!

Daktari akacheka. "Basi tuendelee na mazoezi."

Mkono bado unauma, lakini njiani Seif kaniambia: "Ntakuudhi kila siku, mpaka upone."

Mwasemaje, nimkubalie?