Ndoo Mbili za Masuku

Nakumbuka Jumamosi moja msimu wa masuku, yale matunda ya porini, mwanangu, na usinicheke kwa kukuita mwanangu wakati mimi mwenyewe bado nachapwa kwa kuchelewa namba asubuhi shuleni. Wewe uko kidato cha kwanza, mimi cha tatu. Uzee unanitosha.

Mdogo wangu Oliva ana usonji. Haongei. Hapa kwetu Lizaboni bodaboda ikipiga honi anaziba masikio na kujigonga ukutani. Mimi darasa zima nalichekesha, lakini Oliva nilishindwa kumchekesha. Nilifanya kila kituko, hadi kuvaa sketi ya mama. Akaniangalia kama anaangalia kabati.

Siku hizo Mwalimu Rajabu, mtu wa Tunduru, alikuwa anawapeleka watoto wa kitengo maalumu cha shuleni kwao, Oliva akiwemo, porini kuokota masuku, na sisi ndugu zao tunasindikiza. Sheria yake moja: mti hautikiswi. Unakaa chini, unasubiri lililoiva lidondoke lenyewe. Watoto wanaorukaruka darasani kutwa, pale walitulia. Mmoja alipanga kokwa mstari, mwingine alilala kwenye majani akitazama juu. Mimi, kama kawaida, nikawa napiga soga.

"We redio," Mwalimu akaniambia, "zima kidogo. Wenzako wanasikiliza."

"Wanasikiliza nini, Mwalimu? Mbona kimya?"

"Hicho hicho."

Nikanuna, nikanyamaza. Suku likanidondokea utosini, paa! Oliva akacheka. Mwanangu, alicheka hadi akagaragara, na wenzake wakadakia, pori zima likawa kicheko.

Sijakisikia tena. Mwalimu alihamishiwa Lusewa, na safari zikafa. Msimu huu ulipoanza, Oliva akawa anasimama mlangoni na ndoo yake kila Jumamosi asubuhi. Ikifika mchana anaanza kujigonga. Nikampigia Mwalimu kwa simu ya mama.

"Shikamoo Mwalimu. Unarudi lini?"

"Marahaba. Sirudi, baba. Mpeleke wewe. Ila hilo domo uliache nyumbani."

Nikaenda kuwaomba wazazi wa wenzake Oliva waniachie watoto. Mama Hadija akaangua kicheko: "Nikuachie mtoto wewe? Wewe mwenyewe wa kuchungwa!"

Basi tukaenda watatu tu, mimi, mama na Oliva. Nikakaa chini ya msuku bila neno, nadhani mara ya kwanza tangu nizaliwe. Halikudondoka hata moja. Oliva hakucheka. Nikawakumbuka wale wote, hata yule wa kokwa, nusura nilie.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta mlangoni na ndoo mbili. Moja akanisukumia mimi.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kama una mdogo kama Oliva, acha kuhangaika kumchekesha. Mtoe nje, kwenye miti, kaa naye, nyamaza. Na wazazi wa wenzake waombe tena hata wakikucheka, maana pori ni kubwa mno kwa watu watatu. Mimi kesho narudi kwa Mama Hadija.

Mungu akujalie suku likupige utosini, na mdogo wako awe anaangalia.